Kichupa cha Eksosomu: Tukinunue au Tusikinunue?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, Afisa Tabibu mstaafu wa magonjwa ya ngozi, kwenye mkutano mkuu wa Umoja wetu mjini Sumbawanga. Tumeyachapa kama alivyoyasema, kwa sababu wanachama walio mbali wameomba wayasome kabla ya kutuma kura zao. — Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, na ninyi ndugu zangu wote tuliokula maharage ya bwalo moja:

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia maneno machache tu: "Wewe umeshughulika na ngozi za watu maisha yako yote. Njoo utueleze kitu hiki ni kitu gani." Kitu chenyewe ni lile pendekezo la nne katika ajenda ya leo, yaani mfuko wa Umoja wetu utoe fedha za kufungua duka la urembo hapa mjini, na sehemu kubwa ya mtaji inunue vichupa vya dawa iitwayo eksosomu kutoka ng'ambo. Aliyeleta pendekezo ni ndugu yetu. Nimelala naye bweni moja, namfahamu, na nia yake ni njema. Anasema watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanakiulizia kichupa hiki, na Sumbawanga isiendelee kupokea mambo miaka kumi baada ya wenzake. (Kicheko.) Sina ugomvi naye hata kidogo. Nitaeleza ninayoyajua, kisha nitasema wazi mimi nitapigaje kura.

Ndugu zangu, kwanza naomba tusidharau jambo lenyewe. Eksosomu si uzushi wa wauza mafuta. Ni kitu cha kweli, kimo katika damu ya kila mmoja wetu aliyekaa hapa, kimo katika mate, kimo katika maziwa ya mama. Mtakumbuka tulivyochora seli kwenye madaftari yetu: ukuta, kiini, na ule ute wa katikati ambao wengi wetu tuliupaka rangi ya kijani hata pale mwalimu aliposema ni seli ya mnyama. (Kicheko.) Basi seli ile haikai kimya. Kila mara inatoa nje vijifuko vidogo mno vilivyofungwa kwa utando wa mafuta. Vingi vina upana wa kati ya nanomita 30 na 150. Chukua vijifuko 10,000 vyenye upana wa nanomita 100 kila kimoja, uvipange mstari mmoja. Mstari wote utakuwa na urefu wa milimita moja tu.

Mwaka 1983 makundi mawili ya wataalamu, moja Montreal kule Kanada likiongozwa na mama mmoja aitwaye Rose Johnstone, na jingine St. Louis, Marekani, yalikuwa yanachunguza chembe changa nyekundu za damu. Walitaka kujua chembe hizi zikikomaa hupeleka wapi vile vipokezi vya madini ya chuma ambavyo hazivihitaji tena. Wakaona zinavifunga ndani ya vijifuko na kuvitupa nje. Mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakavipa vijifuko hivyo jina la eksosomu. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba seli inatupa taka tu, kama mtu anavyotoa majivu jikoni. Mambo yaligeuka mwaka 2007, wakati wataalamu wa Göteborg, Uswidi, walipoonyesha kwamba ndani ya vijifuko hivyo mna maagizo, yale yanayoitwa RNA, na kwamba seli ikipokea kijifuko kutoka kwa seli nyingine inaweza kuyasoma maagizo na kuyatekeleza. Kumbe zilikuwa barua!

Tangu hapo ulimwengu wa tiba haujalala. Kama seli zinaandikiana barua, je, hatuwezi kuchukua barua za seli zenye afya tukazipeleka kwenye ngozi iliyochoka? Wakachukua seli shina, yaani zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Nyingine hutolewa kwenye mafuta ya mwili wa mtu, nyingine kwenye kondo la nyuma au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Sisi Ufipa kitovu tunakizika, na mtu akiulizwa kwao ni wapi hutaja pale kilipozikwa. Wenzetu wamekipeleka maabara. (Kicheko.) Seli hizo hukuzwa ndani ya maji yenye chakula, kisha maji yale hukusanywa, huchujwa, na vijifuko vilivyomo ndivyo vinavyotiwa kwenye kichupa. Katika vyombo vya maabara, na katika panya, imeonekana kwamba vijifuko hivi vinaweza kuziamsha seli za ngozi zitengeneze kolajeni, ile kamba inayoishika ngozi isilegee, na vinaweza kusaidia kidonda kufunga upesi.

Na kwa binadamu je? Hapa ndipo panapotaka utulivu. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Korea Kusini, ambayo ndiyo nchi iliyo mbele sana katika biashara hii. Wagonjwa 25 wenye makovu ya chunusi walitibiwa uso mzima kwa leza, kisha nusu moja ya uso ikapakwa eksosomu na nusu nyingine ikapakwa dawa isiyo na eksosomu. Baada ya majuma 12 makovu ya upande wa eksosomu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 32.5, na ya upande wa pili kwa asilimia 19.9. Hayo ni matokeo mazuri, na nawapongeza. Lakini hesabuni pamoja nami. Ni watu 25. Upande ule usiopata eksosomu nao ulipata nafuu, na nafuu hiyo ni ya leza. Tena leza ile ilishikwa na daktari wa ngozi, na wagonjwa walifuatwa hatua kwa hatua. Kichupa tunachotaka kukinunua kitatufikia bila ya leza na bila ya daktari.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa kufua chuma. Wengi wenu mmeziona zile tanuru za udongo, malungu, refu kumzidi mtu, ambazo mabaki yake yako porini mpaka leo. Mtu aliyeijua kazi ile hakutoa chuma ndani ya ilungu akakimbilia nacho sokoni. Kilichotoka ilungu kilikuwa bonge lenye chuma na takataka pamoja. Kilipaswa kupita katika tanuru ya pili, ndogo, kintengwe, yenye mivuo, ndipo kipatikane chuma cha kufua jembe. Eksosomu, kwa maoni yangu, imetoka ilungu. Kintengwe bado.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niingie kwenye ngozi yenyewe, maana hapo ndipo biashara hii inapofichia mambo.

Ngozi ya binadamu kazi yake ya kwanza ni kuzuia. Tabaka lake la juu, lile la seli zilizokufa na kukauka, limepangwa kama matofali yaliyoungwa kwa mafuta. Wataalamu wa dawa wana kanuni moja ya kukadiria: chembe yenye uzito wa zaidi ya daltoni 500 haipiti kirahisi katika ngozi nzima. Sasa eksosomu moja ina maelfu ya chembe za namna hiyo ndani yake. Ukiipaka juu ya ngozi isiyo na mchubuko, sehemu kubwa itakaa juu, na jioni utaiosha kwa maji na sabuni pamoja na fedha zako.

Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kwenye kliniki za urembo hawaishii kupaka. Hutumia kifaa chenye vijisindano vingi kinachotoboa uso mzima, au leza, kisha ndipo humimina kichupa. Naomba tuelewane hapa, maana ndilo jambo kubwa nililokuja kulisema. Kichupa kimeandikishwa kwao kama kipodozi, yaani kitu cha kupaka juu ya ngozi. Mkono wa mhudumu unakiingiza chini ya ngozi. Kitu kinachoingizwa chini ya ngozi kwa sindano ili kibadilishe kazi ya mwili hakiwi tena kipodozi, ni dawa. Na dawa ina masharti yake: usafi wake hupimwa, kipimo chake hujulikana, na madhara yake huandikwa. Kichupa hiki kinapita katika mlango wa kipodozi kisha kinafanya kazi ya dawa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma mwezi Desemba 2019 baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu. Msimamo wao ni kwamba eksosomu ya kutibu ni dawa ya asili ya kibiolojia na haina budi kuidhinishwa. Hadi leo ninapozungumza hawajaidhinisha hata moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya vipodozi inakataza kabisa kutia ndani ya kipodozi seli, tishu au mazao yatokanayo na mwili wa binadamu. Ndiyo sababu siku hizi mtaona vichupa vingine vimeandikwa kuwa eksosomu yake imetoka kwenye waridi, au kwa samaki. Hiyo ni njia ya kuikwepa sheria, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kutuambia kwa uhakika barua ya waridi inasomwaje na ngozi ya mtu wa Laela. (Kicheko.)

Hata jina lenyewe wataalamu wanalionea wasiwasi. Chama chao cha kimataifa kinachohusika na vijifuko hivi kimetoa miongozo mwaka 2014, mwaka 2018 na tena mwaka 2023, kikiwasihi watu wasiite kitu eksosomu mpaka waonyeshe kimezaliwa sehemu gani ya seli. Ukisoma makaratasi ya wauzaji utakuta kichupa kinatajiwa idadi ya mabilioni ya chembe. Kuhesabu chembe si kazi ngumu, maana hata mabaki ya seli zilizopasuka na matone ya mafuta mashine huyahesabu. Ugumu upo katika kujua kila chembe ni nini.

Na kuhusu sindano, nawaomba mlisikie hili hata kama mengine mtayasahau. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wateja wa nyumba moja ya urembo katika jimbo la New Mexico waliopata virusi vya UKIMWI. Walikwenda kufanyiwa uso kwa vijisindano na damu yao wenyewe. Nyumba ile haikuwa na leseni, na vifaa vya kutumia mara moja vilitumika tena na tena. Haikuwa eksosomu, nisije nikaisingizia. Lakini kifaa ni kile kile na uso ni ule ule. Sisi tuliofanya kazi wilayani miaka ambayo sindano zilichemshwa kwenye sufuria tunajua ni nini kinachoweza kupita katika tundu dogo.

Tuje nyumbani. Kwa sheria zetu, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na dawa zinabaki chini ya TMDA. Basi duka letu likitangaza kwamba linapaka tu, tutakwenda TBS. Likitangaza kwamba linadunga, tutakwenda TMDA na tutahitaji leseni ya kituo cha tiba na mtaalamu mwenye sifa. Nimesoma pendekezo lote kurasa sita. Limetaja rangi ya mapazia ya duka. Halijataja mojawapo ya ofisi hizi mbili. (Kicheko na makofi.)

Sasa, ndugu zangu, mtaniuliza kwa nini mzee huyu anakuwa mkali namna hii kwa kitu ambacho huenda kisimdhuru mtu, kikamla fedha tu. Nina sababu, na ina historia.

Wengi wetu tulikuwa wadogo, lakini wakubwa zetu mnakumbuka Operesheni Vijana. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na madawa ya kujichubua, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vijana wakaanza kulisimamia katika mitaa ya Dar es Salaam. Sisemi kama njia ile ilikuwa nzuri. Kumkimbiza mwanamke barabarani kwa sababu ya nguo yake hakujamfundisha mtu jambo lolote. Nasema tu kwamba madawa ya kujichubua yalikuwapo tayari wakati huo, na marufuku ya barabarani haikuyamaliza.

Nini kilikuwa ndani ya madawa yale? Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wazima 60 wenye ugonjwa wa figo, ule unaovimbisha mwili kwa sababu protini inapotea kwenye mkojo. Asilimia 53 kati yao walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini wakaeleza ngozi za watu waliotumia haidrokwinoni kali kwa muda mrefu: badala ya kung'aa, uso ulipiga weusi wa bluu, ukawa na vipele kama mchanga, na weusi ule hautoki. Nchi hiyo ilipiga marufuku madawa hayo mwaka 1990. Baadaye ikaja steroidi, dawa nzuri sana ya ukurutu mikononi mwa mganga, lakini mtu akiipaka usoni mwezi baada ya mwezi ngozi hukonda kama karatasi ya sigara. Hivi vyote vikichanganywa kwenye kopo moja ndiyo tunayoiita mkorogo. Dunia imeendelea kupambana nayo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaondoa hata kiasi hicho, zikataka vipodozi vyote vyenye zebaki viishe ifikapo 2025. Hapa kwetu zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi vimekatazwa siku nyingi. Bado nilikuwa nazipokea nyuso zile kliniki mpaka juma la mwisho kabla sijastaafu.

Niwaambie nilichokiona kwa miaka yote hiyo. Mkorogo haubadiliki, kinachobadilika ni jina la kopo. Kulikuwa na wakati uliitwa sabuni ya dawa. Ukaja wakati wa mafuta ya karoti. Kisha sindano ya kung'arisha, kisha "seramu". Kila neno jipya la sayansi linapotoka magazetini, baada ya miaka miwili mitatu nalikuta limeandikwa kwenye kopo, na ndani mna kitu kile kile cha zamani. Nina hakika kabisa, kama ninavyojua njia ya kwenda Kasesya, kwamba neno eksosomu litaandikwa kwenye makopo ya mkorogo. Sisemi ndugu yetu atafanya hivyo. Nasema wauzaji wa jumla watamletea, naye hatakuwa na namna ya kujua. Mjini kwetu hakuna mashine ya kuonyesha kijifuko cha nanomita 100. Hata maabara kubwa zinapata taabu kuvitambua. Sisi tutasoma kibandiko tu.

Na wateja wetu watakuwa akina nani? Tuseme kweli, maana tuko wenyewe. Pendekezo linasema "kuondoa makovu na kurudisha ujana." Sawa. Lakini picha iliyobandikwa kwenye pendekezo ni ya dada mweusi upande wa kushoto, na upande wa kulia dada yule yule mweupe. Hapo hapana kovu lililoondolewa. Binti atakayeingia dukani kwetu ataomba aliyoyaona upande wa kulia, na eksosomu, hata ile ya kweli, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Akiona haileti weupe atarudi kulalamika, na siku hiyo muuza duka atajaribiwa kumpa kitu kinacholeta weupe.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Nina jambo moja la mwisho na ni fupi.

Nchi yetu hii ya Ufipa iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na iko digrii nane tu kusini mwa ikweta. Ile mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Baridi yetu ya Juni na Julai inatudanganya. Mtu analima amevaa sweta, upepo wa Mbizi unampuliza, anadhani jua ni dogo, kumbe uso wake unaungua kuliko wa mtu wa Dar es Salaam anayelalamika joto. Mikunjo ya uso ambayo kichupa kinaahidi kuiondoa, sehemu yake kubwa huletwa na jua hilo. Anayetaka kuitunza ngozi yake hapa Sumbawanga aanze na kofia pana. Wakati wa baridi ajipake mafuta ya mgando mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kwa wengi wetu jua hilo ni suala la mikunjo. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni suala la uhai, kwa sababu kansa ya ngozi ndiyo inayowachukua wengi wao mapema. Mkoa wetu una deni kwao. Mwaka 2013 mtoto wa shule wa mkoa huu alikatwa mkono akitoka darasani, kwa sababu ya watu wanaoamini kwamba kiungo cha mwenzao kinaleta utajiri. Na mji wetu unajiita Sumbawanga, tupa uchawi! Waliobaki hai na viungo vyao kamili bado wanauawa taratibu na jua, na hakuna gazeti linaloandika.

Nilisomea ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Pale pana kiwanda kidogo ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kimekuwa kikitengeneza mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Yaliasisiwa na mfamasia mmoja kutoka Hispania, Mafalda Soto, akishirikiana na wataalamu wetu, na kampuni ya BASF ya Ujerumani ikasaidia malighafi na ujuzi. Mafuta yale hayauzwi dukani. Hugawiwa bure kwenye kliniki, na mgonjwa hurudi baada ya miezi kadhaa kuchunguzwa ngozi na kuchukua mengine. Aliyeyatengeneza aliwauliza watumiaji wenyewe kama yananata, kama yananuka, kama mtoto wa shule ataona haya kuyapaka. Muundo ukabadilishwa kwa majibu yao. Hayana mng'aro wa eksosomu. Lakini tunajua kilichomo ndani, tunajua yanafanya kazi gani, na aliyepaka asubuhi jioni hajaungua.

Mkuu wa Shule ameniambia asubuhi hii kwamba katika shule yetu wapo wanafunzi wenye ualbino, na kwamba gwaride la asubuhi na michezo ya alasiri vinafanyika kwenye uwanja ule ule usio na mti ambao sisi tulisimama juu yake. Tulipomaliza tuliahidi kupanda miti. (Kicheko.) Mipo miwili.

Basi mimi nitapiga kura ya hapana kwa pendekezo la nne lilivyo sasa. Natoa hoja mbadala, Katibu aniandikie. Kwanza muuzaji wa vichupa aandikiwe barua, atujibu kwa maandishi eksosomu yake imetoka katika mwili wa nani au wa nini, imepimwa na maabara gani, imeidhinishwa na mamlaka ipi ya kwao kwa kupaka au kwa kudunga, na ilihifadhiwa katika ubaridi gani kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini hadi hapa. Majibu yasomwe mkutano ujao. Hadi hapo fedha za mfuko zisiguswe, isipokuwa sehemu ndogo, na Mweka Hazina ataniwia radhi, ya kununulia kofia pana na mashati ya mikono mirefu kwa wanafunzi hao, na nauli ya kuwapeleka kwenye kliniki ya ngozi kila inapofika mkoani. Ndugu yetu mwenye pendekezo, kama bado anataka duka, auze kofia, mafuta ya mgando na sabuni ya kawaida. Faida yake haitakuwa kubwa, namwambia mapema ili asije akanilaumu.

Miche ya miti ninayo kumi kitaluni kwangu. Atakayeniazima pikapu anione wakati wa chai.

Niko tayari kwa maswali, ila mwenye swali kuhusu chunusi za mkewe aje tuzungumze pembeni.

(Kicheko na makofi.)